Kwa Matumizi ya Nje Tu

Siku kumi na moja kabla ya sikukuu ya Bulabo, mume wangu Chenge alirusha jembe juu kuliko ilivyompasa, akanyoosha mkono nyuma ya kichwa ili alidake, na kitu ndani ya bega lake la kulia kikavutika kama kamba iliyochakaa. Jembe alilidaka. Hilo ndilo jambo la kwanza aliloniambia alipoingia nyumbani, ameushika mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Jembe, alisema, halikuanguka.

Nilimwelewa. Sisi wa Bujora hucheza bugobogobo kwa majembe. Wanaume husimama mstari mmoja, hulizungusha jembe kiganjani, hulirusha juu ya vichwa vyao na kulidaka pale ngoma inapodunda. Siku ya Bulabo makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na mwamuzi ni watu wenyewe, kwa kuwa wanaovutiwa na kundi fulani huhamia upande wake. Mwaka uliopita, Chenge aliporusha mara ya tatu, jembe lilimponyoka likaanguka chini, na watu wakahamia upande wa pili kama maji yanavyofuata mfereji. Tangu siku hiyo hakupita penye mashine ya kusaga wala kisimani bila mtu kumuuliza kwa upole wa uongo, "Chenge, jembe limeshaamka?"

Kwa hiyo bega lile halikuwa bega tu. Lilikuwa jibu alilokuwa akiliandaa kwa mwaka mzima.

Jioni ile ile alikuja Luhende, manju anayeongoza nyimbo za kundi letu, akiwa na beseni la maji ya moto, samli na vidole gumba vyenye nguvu za mtu aliyelelewa na ng'ombe. Alimchua Chenge mpaka jasho likawatoka wote wawili. Alituhakikishia kwamba maumivu yanayotibiwa ndiyo yanayopiga kelele. Asubuhi bega lilikuwa limeumuka kama andazi.

Nilijifunga kanga nikaenda Kisesa kwenye duka la dawa. Mtoa dawa ni msichana aitwaye Precious, mwenye sauti ndogo na maswali mengi. Alitaka kujua kama Chenge alianguka, kama anaweza kuinua mkono, kama vidole vinakufa ganzi. Nilimweleza kwamba hakuanguka, vidole ni vizima, na mkono unafika usawa wa sikio kabla hajakunja uso. Akasema inaelekea ni msuli na kano zilizovutika, wala si mfupa, lakini mkono ukikataa kabisa kuinuka au ukifa ganzi tusingoje, twende zahanati. Akanionya kwamba maji ya moto na kuchua kwa nguvu katika siku za mwanzo huongeza uvimbe. Tufunge barafu ndani ya kitambaa, tuiweke begani kwa muda mfupi, na mkono upumzike. Kisha akanipa dawa ya kupaka, iliyo katika mrija laini kama ule wa dawa ya mswaki. Maandishi ya boksi yalikuwa ya Kizungu, basi akaniandikia maelezo kwa Kiswahili katika karatasi.

Kabla ya kunikabidhi aliniuliza kama nyumbani yupo mtu wa kunisomea. Nikamjibu kwamba yupo. Sikumwambia ni nani.

Wakati huo nilikuwa katika mwaka wa pili wa kisomo cha watu wazima. Tulisomea katika chumba cha darasa la kwanza, kwenye madawati mafupi ambayo ukiyakalia magoti yako husalimiana na kidevu. Nilijiunga baada ya binti yetu Suzana kwenda shule ya bweni, kwa sababu alipoondoka aliondoka na macho ya nyumba. Karatasi zote zilizoingia kwetu, ziwe za kijiji, za kanisa au za shule, Chenge alizikunja na kuziweka ndani ya kopo la majani ya chai zimngoje Suzana arudi likizo. Hakuwahi kukicheka kisomo changu. Ila hakuwahi pia kunipa karatasi hata moja. Hii ya dawa ilikuwa ya kwanza ambayo haikuweza kungoja likizo.

Alikaa kitandani, mimi nikasimama karibu na dirisha penye mwanga. Nikasoma polepole, nikipitisha kidole chini ya kila neno.

"Paka kidogo sehemu inayouma, kutwa mara tatu. Usichue kwa nguvu. Usipake penye kidonda. Nawa mikono baada ya kupaka. Kwa matumizi ya nje tu."

Chenge alisikiliza kama mtu asikilizavyo Injili. Akaniomba nirudie mstari wa mwisho. Nikaurudia, na safari hii nililitamka kila neno kwa silabi zake ili pasibaki shaka. Hapo akainuka, akachukua kigoda chake kwa mkono wa kushoto, akatoka nje. Nami nikamfuata na dawa.

Mtu akishaliamini jambo, sababu zake hujileta zenyewe. Dawa ile ilikuwa na harufu kali ya kupenya puani, na Chenge akanieleza kwamba bila shaka harufu hiyo ikifungiwa ndani ya nyumba huleta kifua. Niliona ameeleza vizuri. Nilifurahi pia kwamba ameyatii maandishi yaliyopita katika kinywa changu.

Basi ikawa desturi. Asubuhi kabla umande haujakauka, adhuhuri jua likiwa utosini, na jioni kuku wakiingia bandani, Chenge alikaa uani akiwa kifua wazi, nami nilimpaka. Wanafunzi waliotoka shule walisimama kutazama. Wanawake waliokwenda kisimani walitua ndoo wakauliza hali ya bega, na kila mmoja alitaja goti lake au kiuno chake. Luhende alipopita alisema kwamba bega la Chenge lina watazamaji kuliko ngoma yetu, na kwamba ingefaa majembe yabaki nyumbani, lipelekwe bega peke yake uwanjani.

Kwa barafu tuliyoipata kwa muuza soda, na kwa dawa, uvimbe ulianza kushuka. Siku ya nne Chenge aliinua mkono mpaka juu ya kichwa, akatabasamu. Lakini ngozi ya bega ilikuwa imekuwa nyekundu na ilimwasha. Zaidi ya hayo, alianza kukisukuma chakula pembeni na kujikanda tumbo alipodhani simwoni. Nilidhani ni wasiwasi wa Bulabo.

Siku ya tano aliwasili mama yangu, Bibi Wilhelmina, kutoka Nansio. Kila mwaka huvuka ziwa kwa meli kuja kutazama sikukuu, na kila mwaka huleta machungwa mengi kuliko yanayoweza kuliwa. Safari hii hakutuma salamu kwamba amefika. Alitokea langoni adhuhuri, kapu kichwani, saa ile ile ya dawa.

Ni lazima nieleze heshima iliyopo kati ya mtu na mkwewe. Kwetu mwanamume hakai kifua wazi mbele ya mama wa mkewe. Hata kula hawali pamoja. Na hapo Chenge alikuwa juu ya kigoda, bila shati, bega likimeremeta kwa dawa. Alipomwona aliruka, akatazama huku na huku, akanyakua kilichokuwa karibu, nacho kilikuwa ungo wangu wa kupepetea mchele. Akauweka kifuani kama ngao, akainama nyuma yake.

"Shikamoo, mama."

Mama yangu aliinua macho akayaelekeza kwenye paa la nyumba, akayaacha huko huko.

"Marahaba, mkwe wangu. Naona mnapepeta."

Nilicheka mpaka nikaketi chini. Chenge hakucheka. Alirudi kinyumenyume mpaka nyuma ya zizi, ungo ukiwa bado kifuani.

Tangu hapo tukawa na taabu. Dawa ilikuwa ya nje, na mama yangu pia ni mtu wa nje. Hukaa uani tangu alfajiri, akimenya mihogo na kuwasalimu wapitao. Nikafunga vitenge viwili kwenye kamba ya nguo nyuma ya zizi, nikatengeneza chumba kisicho na paa. Mara tatu kwa siku Chenge alipita na kigoda chake, nami nyuma yake na dawa na kitambaa, tukizunguka zizi kama watu wanaokwenda kuficha kitu.

Mama alitutazama siku nzima. Siku ya pili yake, siku ya sita tangu Chenge aumie, aliniita nikae karibu naye. Akauliza ni kosa gani alilofanya mkwewe hata akafukuzwa ndani ya nyumba yake akiwa mgonjwa.

Nilimjibu kwa fahari kwamba hakuna aliyemfukuza, ni maandishi ya dawa. Nikachomoa karatasi kutoka kwenye pindo la kanga, nikamsomea yote, mstari kwa mstari. Mama yangu hajui kusoma. Aliendelea kumenya muhogo, ganda likishuka refu bila kukatika.

"Nje ya nini?" akauliza.

"Nje ya nyumba, mama."

"Hapo pameandikwa nyumba?"

Nikatazama. Hapakuandikwa nyumba.

"Mimi sijui hata a, mwanangu. Lakini mtu akiniambia kitu kikae nje, humuuliza nje ya nini. Ng'ombe akiwa nje ya zizi anaweza kuwa bado ndani ya boma. Sasa hiyo dawa iko nje ya nini? Nje ya nyumba, au nje ya mtu?"

Nilihisi joto likinipanda usoni. Nilikuwa nimezisoma herufi zote bila kukosea hata moja, lakini sikuliuliza neno lenyewe ni la nani. Nje ya mtu. Ngozi. Dawa ya kupakwa juu ya ngozi, isiyomezwa. Mtu wa miaka arobaini na sita, na siku tano nzima nimemtoa mume wangu uani kama mkeka wa kuanikwa.

Kilichoniuma si kicheko cha majirani. Nilifikiri juu ya kopo la majani ya chai. Nikimwambia Chenge kwamba nimesoma vibaya karatasi ya kwanza aliyowahi kuniamini nayo, kopo lile litafungwa mpaka likizo, na baada ya likizo litafungwa tena. Na nisipomwambia, ataendelea kuanikwa.

Nilikwenda kwanza Kisesa. Precious aliponisikiliza alifunika mdomo kwa kiganja, mabega yakamtikisika, kisha akajizuia kwa adabu. Akasema kosa ni lake pia, kwa kuwa angeandika tu "ya ngozi, usimeze" mambo yangekwisha. Halafu uso wake ukabadilika, maswali yakaanza. Je, hapo nje ni kivulini au juani? Nilipomwambia juani, akaeleza kwamba ngozi iliyopakwa dawa ya namna ile haifai kuachwa kwenye jua kali, ndiyo maana imekuwa nyekundu. Avae shati. Kisha akauliza kama mgonjwa anameza vidonge vyovyote vya maumivu. Nikasema hapana. Akaniomba nimuulize vizuri, kwa sababu vingi ni vya ukoo mmoja na dawa ile ya kupaka. Vinapunguza uvimbe na maumivu, lakini mtu akivichanganya, tena akivimeza na njaa, huweza kuliumiza tumbo.

Nikakumbuka mkono wa Chenge tumboni.

Njia ya kurudi ilikuwa ndefu kuliko ya kwenda. Nilipanga maneno, nikayapangua. Jioni ilipofika na Chenge akachukua kigoda kwenda nyuma ya zizi, nikamzuia mlangoni, nikamkalisha kitandani, nikafungua dawa. Ilikuwa mara ya kwanza harufu ile kuingia ndani.

"Baba Suzana," nikamwambia, "nilisoma vibaya."

Nikamweleza yote: neno nje, swali la mama, jua, ngozi. Sikuficha kitu. Akatazama mikono yangu. Nilikuwa ninangoja aseme kwamba tumngoje Suzana.

Badala yake aliinuka, akaenda kwenye shati lake lililotundikwa msumarini, akatia mkono mfukoni, akatoa karatasi mbili za vidonge. Moja ilikuwa na vidonge vyekundu, nyingine vya njano. Vyekundu alipewa na Luhende siku ile ya pili. Vya njano alivinunua mwenyewe dukani karibu na mashine. Alikuwa akivimeza vyote, asubuhi kabla ya chai na usiku, ili bega liwahi Bulabo. Tumbo lilikuwa likimwaka moto tangu siku ya tatu.

"Hivi sikukuletea usome," akasema. "Niliogopa ungenisomea neno la kunikataza."

Sikujua kama nicheke au nilie. Kumbe aliogopa kusoma kwangu kwa sababu aliniamini.

Akaniwekea vidonge mkononi nisome. Nikavigeuza kwenye mwanga wa taa, na nikalazimika kumwambia ukweli wa pili wa jioni ile: ni Kizungu, na huko sijafika. Alikubali kama mtu anayeambiwa kwamba daraja liko mbele kidogo.

Kesho yake tulikwenda pamoja kwa Precious. Alipoviona vidonge alisema vyote viwili ni vya ukoo ule ule. Akamtaka Chenge aviache, abaki na dawa ya kupaka peke yake, ale kwa wakati. Tumbo lisipotulia, au akiona choo cheusi, asimtafute yeye wala Luhende, aende zahanati siku hiyo hiyo. Chenge aliitika kila neno. Mwishoni akauliza lile alilokuja kuliuliza. Siku nne zimebaki. Je, atarusha jembe?

Precious hakumwahidi. Alisema ajaribu kwanza kwa fimbo, polepole, akome pale panapouma. Na hata akiona nafuu, msuli ulioumia haupewi kazi ya siku nzima. Arushe kidogo, akiona inafaa.

"Kidogo ni mara ngapi?" Chenge akauliza.

Msichana akatabasamu, akasema hilo halijaandikwa popote.

Tumbo lilitulia siku ya pili yake, na bega likatii fimbo, kisha mpini mtupu, kisha jembe lenyewe mara moja, chini ya macho yangu. Luhende hakufurahishwa na mpango wa kurusha kidogo. Alisema hiyo si bugobogobo, ni kupunga mkono. Chenge akamjibu kwamba yeye aliyeleta maji ya moto na vidonge vyekundu apumzike kidogo kutoa ushauri. Luhende akacheka akakubali, maana ni mtu mwema, ila vidole vyake tu ndivyo vyenye haraka.

Siku ya Bulabo uwanja ulijaa mpaka kwenye kingo. Nilipata nafasi mbele, na mama yangu pembeni yangu. Lakini wachezaji hucheza vifua wazi, na mkwe ni mkwe hata sikukuu. Mama alikuwa amekuja na ungo wangu kutoka nyumbani. Aliuinua mbele ya uso wake kila Chenge alipojitokeza, akautua alipopita. Waliotuzunguka walidhani ni ushabiki.

Ngoma zikaanza pande zote mbili. Majembe ya wenzetu yaliruka, lakini la Chenge lilibaki chini, likizunguka katika kiganja cha kushoto. Upande wa pili walimwona mapema. Sauti ikatoka kule, ikapokelewa na nyingine, kwamba jembe bado limelala, wasilisumbue. Watu wakacheka. Niliona mgongo wa kwanza ukigeuka kuelekea kule, kisha wa pili, kisha kundi zima la vijana wa Usagara. Nikashika kanga yangu kwa mikono miwili.

Ndipo Luhende alipopandisha wimbo, na Chenge akalihamishia jembe mkono wa kulia.

Alilirusha mara ya kwanza, si juu sana, akalidaka. Vijana wa Usagara wakasimama. Alilirusha mara ya pili, likapinduka mara mbili hewani, akalidaka. Wakaanza kurudi. Mara ya tatu, ile iliyomwangusha mwaka uliopita, alilirusha juu mpaka likanaswa na jua na sikuliona tena, nikaliona tu kwa kusikia mpini ukitua kiganjani pamoja na mdundo wa ngoma.

Watu walirudi kwa kishindo, wakatukanyaga miguu. Wakadai ya nne. Luhende mwenyewe aliinua mikono kuomba ya nne, huku akisahau ahadi zote. Chenge akapiga goti, akalilaza jembe chini taratibu kama mtu anayemlaza mtoto, akasimama, akanitafuta kwa macho mpaka akanipata.

"Kutwa mara tatu," akasema kwa sauti iliyosikika hata upande wa pili. "Ndivyo nilivyosomewa."

Mama alikuwa bado nyuma ya ungo.

"Amedaka?" akaniuliza.

"Amedaka, mama. Zote tatu."

Akautikisa ungo kidogo, kama mtu anayetenga pumba, na sikuuona uso wake, ila mabega yake yalikuwa yanacheka.

Tuliporudi jioni, Chenge alikula sahani yake yote. Kisha akanawa mikono, akalishusha kopo la majani ya chai kutoka darini, akaliweka mezani mbele yangu pamoja na taa.